Gurudumu la Mashini ya Kusaga

Ukifika soko la Bunia, pita pale wanaposaga muhogo. Angalia gurudumu zito la moteri. Hata mazuti ikifungwa, halisimami papo hapo. Linaendelea kuzunguka, nayo kikwembe ya mama mwenye mutoto mugongoni iko karibu sana. Wenye mashini wanasema kifuniko kinawachelewesha. Mimi sikubali.

Pipa kuukuu la lita 200 linatosha. Lioshe, ulijaze maji mbele ya kukata, maana mvuke wa mafuta unalipuka. Kunja kando zake, ulikaze na buloni kwenye msingi, si kwenye moteri inayotikisika. Acha kamulango ka manivela.

Ninyi wa Mongbwalu munaosaga mawe ya zahabu, gurudumu lenu nalo liko wazi vilevile?