Mti Nilioukosea Jina

Mwaka 1994 niliwapeleka wanafunzi wangu kutoka Moshi hadi Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Juu kidogo ya kambi, pale msitu unapoanza kukoma, tulikuta kando ya kijito mti mnene wenye vishungi vya majani mapana kama kabichi. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Huu ndio ule wa kwenye picha za Horombo."

Nikaokota ua lililodondoka, nikalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na vijiua chungu nzima vilivyosongamana. Nikawaeleza kuwa mti huu ni wa jamii moja na alizeti, na hata kishona nguo kinachong'ang'ania soksi zao. Hilo lilikuwa kweli.

Mpagazi mmoja wa makamo alikuwa amepumzika karibu. Alingoja watoto watawanyike, ndipo akaniambia taratibu, "Samahani mwalimu. Wa Horombo ni mwingine. Ule huvaa majani yake makavu shinani kama blanketi, maana usiku huko juu maji huganda. Huu ni wa msituni. Ukitaka kuujua mti, uliza kwanza unakaa wapi."

Baadaye vitabu vilimthibitisha. Wa juu huitwa Dendrosenecio kilimanjari. Wa ukingo wa msitu ni Dendrosenecio johnstonii, kwa heshima ya Harry Johnston, Mwingereza aliyefika mlimani mwaka 1884. Mpagazi wangu hana mti wenye jina lake.

Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Usiku tuliuona kutoka mjini, mstari mwekundu juu ya giza. Kwa miaka mingi mioto imekuwa ikiushusha ukingo wa juu wa msitu, na miti ya huko ndiyo inayonasa ukungu na kuugeuza maji. Nikakikumbuka kijito kile. Mti ambao nyumba yake ni ukingo wa msitu, ukingo ukiungua utahamia wapi?

Wanafunzi wale sikuwasahihisha siku ile, niliona haya. Sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Basi, ndugu msomaji, kama ulikuwa mmoja wao, pokea masahihisho haya yaliyochelewa: mti tuliouona haukuwa wa Horombo. Ulikuwa wa msituni, na ulikuwa nyumbani kwake.