Wali wa Kutupwa

Wengi wakisikia sushi hufikiria samaki mbichi. Samaki mbichi aliyekatwa na kuliwa peke yake ni sashimi. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi; unaweza kuuwekea samaki, yai au tango, au kuujaza kwenye kifuko cha tofu ya kukaanga pasipo samaki hata mmoja. Ukifinyangwa mkononi na kuwekewa kipande juu ni nigiri, ukiviringishwa kwa mwani ni maki, ukijazwa bakulini na vitu kutandazwa juu ni chirashi. Hayo matatu yanatosha kukuvusha mkahawani.

Ila mimi nasomea uzamili wa uvuvi mkoani Shiga, kando ya Ziwa Biwa, na huku bado wanakula sushi ya kale inayoitwa funazushi. Hiyo wali wake aghalabu hutupwa.

Jirani yangu, mama wa miaka themanini na kitu, hununua nigorobuna wenye mayai majira ya machipuko. Huwapara magamba, huwatoa matumbo kupitia mashavuni ili mayai yabaki, kisha huwafukia kwenye chumvi hadi kiangazi. Halafu huwapanga kwenye pipa, tabaka la wali, tabaka la samaki, mawe juu. Wali huchacha, na uchachu huo ndio unaomzuia samaki asioze. Pipa hufunguliwa baada ya miezi mingi, pengine mwaka mzima. Harufu yake, niseme kweli, ni ya jibini iliyosahauliwa kabatini. Kwa mtu aliyelelewa Mwanza kwa kayabo, si ya kumkimbiza.

Ujuzi huu unaaminika ulitoka kwenye nchi za mpunga za Asia ya Kusini-Mashariki. Karne zilivyopita watu wakaona uchungu kumwaga wali, wakapunguza siku za kungoja, mwishowe wakatia siki tu. Miaka ya 1820 pale Edo, Tokyo ya leo, Hanaya Yohei, ndiye anayetajwa zaidi, akauza nigiri za papo hapo. Mkanda unaozungusha sahani ulianza eneo la Osaka mwaka 1958. Salmoni mbichi, kipenzi cha wanafunzi wenzangu, ilipigiwa debe na Wanorwei tangu miaka ya 1980.

Nigorobuna ni wa Biwa, na wamepungua. Matete walimozalia yalifukiwa, na samaki wageni wanakula watoto wao. Mgeni mmoja, bluegill, Akihito alipewa zawadi Chicago mwaka 1960 akiwa bado mwana wa mfalme. Mwaka 2007, akiwa Mfalme, alisema hadharani hapa Shiga kwamba jambo hilo linamuuma moyo. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Sangara naye alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu zikatoweka, na sijasikia aliyeumwa moyo hadharani.

Nilipomsimulia jirani, aliuliza furu hao walikuwa na ladha gani. Nikampigia bibi yangu simu.

“Miiba mitupu,” bibi akasema. “Lakini mchuzi wake!” Akaanza kueleza walivyokuwa wakianikwa, nani alikuwa akiwaleta, sufuria ipi ilikuwa ya furu peke yao. Jirani alikuwa amesimama na taulo mkononi, akisubiri nimtafsirie.