Mpeleke mwanao baharini, nawe uwe naye

Huenda umekuwa ukidunduliza vijisenti vyako tangu Januari ili likizo ya Desemba ikifika umpeleke mwanao Mombasa akaione bahari. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kumfikisha mtoto pwani ni jambo moja, na kuwa naye huko ni jambo jingine. Nenda Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wengi huuita Pirates, ujionee mwenyewe. Watoto wamo majini, wazazi wako mbali kivulini, kila mmoja ameinamia simu yake.

Kufika huko si kazi kubwa. Tangu 2017, gari moshi la Madaraka hukutoa Nairobi na kukufikisha Miritini kwa muda wa saa tano hivi. Ukishaingia mjini Mombasa, panda matatu ya kwenda Mtwapa, umwambie utingo akushushe Pirates.

Lakini kabla ya kupanga siku ya kwenda ufuoni, tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina huweza kukaribia mita nne. Hapa Mombasa, maji ya bamvua hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukifika saa tisa mchana utakuta maji tu. Ukifika asubuhi, bahari itakuwa imekufungulia mlango.

Hapo ndipo raha ilipo. Mvalishe mtoto viatu vya raba, kwa maana mwambani kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayochoma vibaya. Mshike mkono mtembee polepole. Katika vidimbwi vilivyobaki mtawaona kaa wakikimbilia mashimoni, samaki wadogo wa kila rangi, na kiti cha pweza akiwa ametanda mchangani kama nyota. Tazameni, lakini msimtoe majini wala msibebe makombe. Bahari hii ni sehemu ya hifadhi ya Mombasa iliyotangazwa 1986, na viumbe hao wana kwao.

Mtoto atakuuliza, “Baba, maji yameenda wapi?” Usimwambie anyamaze. Mwambie kuwa mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, na vikiwa kwenye mstari mmoja, mvuto huo huongezeka. Mwonyeshe kule mbali mawimbi yanakovunjika kwa povu jeupe: huo ni mwamba wa matumbawe, nao ndio unaozuia mawimbi makubwa yasifike ufuoni. Somo kama hilo hatalisahau.

Maji yakianza kurudi, nanyi rudini. Wageni wengi hawajui kuwa maji hayaji kutoka mbele pekee. Hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, ukajikuta umezungukwa. Na mtoto anapoogelea, usidhani kwamba akizidiwa atapiga mayowe. Mtoto anayezama aghalabu hana pumzi ya kuita. Huzama kimya, hatua chache kutoka kwa watu wanaocheka. Tyubu ya kukodi si mlezi, na kaka wa miaka kumi si mlezi. Mlezi ni wewe, ukiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Jioni, mkiwa mmeoga na kubadilisha nguo, nendeni bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa 2019. Keti naye chini ya mibuyu, mnunulie dafu na mihogo ya kukaanga, mtazame meli zikiingia Kilindini. Mwache aseme. Utashangaa mambo aliyo nayo moyoni mtoto ambaye nyumbani hukutana naye usiku tu, wewe umechoka na yeye anasinzia.

Wahenga walinena kuwa maji yakijaa hupwa. Utoto nao hupwa, ila wenyewe haujai tena. Huyu wa miaka saba anayekuvuta leo twende tuone kaa, kesho atakuwa shule ya bweni, na keshokutwa atakuwa na wenzake wa kwenda nao. Nauli umekwisha kuilipa, chumba umekwisha kukilipia. Kilichobaki hakina bei: kunja suruali yako, weka simu mfukoni mwa mkoba, mwingie majini pamoja.