Binti yangu alipohesabu vidonge vyangu

Jumamosi moja mwaka jana nilirudi kutoka mnadani hapa Msalato, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nikamkuta binti yangu, wakati huo akiwa darasa la sita, amekaa kitandani kwangu. Mbele yake lilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo kwa miezi mitatu nilikuwa nalificha nyuma ya gunia la mtama. Alikuwa amemwaga vidonge juu ya khanga, anavihesabu.

"Mama, unaumwa nini?" akaniuliza bila kuinua macho. "Kama ni ARV niambie. Mimi ni mkubwa sasa. Nitamlea mdogo wangu."

Miguu ilinilegea. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshapanga jinsi ya kuishi bila mimi, kwa sababu kila alipouliza, "Mama, uko salama?", nilimjibu neno moja: "Nzuri."

Wazazi wenzangu, naomba niwasimulie kuhusu hilo neno.

Sonona ilinianza baada ya kujifungua mtoto wa pili. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na silali tena. Ugali na mlenda, chakula nilichokulia, havikuwa na ladha. Mimi ni mwalimu. Madaftari ya wanafunzi yalilala mezani wiki nzima bila kusahihishwa. Nilipima malaria, haikuonekana. Nikapima taifodi, haikuonekana. Mama mkwe alisema ni uvivu wa kizazi cha siku hizi. Hatimaye daktari mmoja aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza, kisha akaniandikia rufaa kwenda Mirembe.

Ukiwa mtu wa Dodoma unajua uzito wa jina hilo. Hospitali ile imekuwapo tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920, na mpaka leo watoto wakitaniana husema, "Wewe ni wa Mirembe." Mimi mwenyewe nilishawahi kulisema nikiwa mdogo. Siku ile nilipanda daladala na mtandio nimeushusha mpaka kwenye nyusi.

Nilianzishiwa amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Niliambiwa nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Nilisikia, lakini moyoni nilingoja kama mtu anayengoja panado itulize kichwa. Kilichotangulia si nafuu, ni kinywa kikavu kama jangwa. Nilifundisha huku nikimeza mate ambayo hayapo. Choo kikawa kigumu. Usingizi ukawa mzito hata usiku mmoja mtoto alilia nisisikie, dada yake ndiye aliyeamka kumbembeleza. Kliniki walipouliza, "Unaendeleaje?" nikajibu, "Nzuri."

Mwezi wa pili nikaanza kuona mwanga. Nikacheka darasani. Nikasema basi, nimepona. Nikaacha dawa siku moja, bila kumwambia mtu. Ndani ya siku chache nikawa natoka jasho, nina kichefuchefu, ndoto za kutisha, na usingizi umekatika. Nikarudi kliniki nimenyong'onyea. Muuguzi akauliza habari, nikasema tena, "Nzuri."

Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, nzuri siwezi kuiandika kwenye faili. Niambie jana. Ulilala saa ngapi? Ulikula nini? Kidonge ulikimeza wapi, na nani anajua?"

Swali la jana lilinifungua. Nilisema yote. Dawa ikarudishwa, na ikapangwa kwamba siku ya kuacha ikifika, tutapunguza taratibu, tena si kabla ya miezi mingi tangu nijisikie mzima. Nilivyoelewa siku ile, dawa hizi hazileti uraibu kama pombe, lakini mwili ukishazizoea hautaki kunyang'anywa ghafla.

Nikanunua daftari la shilingi chache. Nikawa naandika jana yangu kila asubuhi. Halafu, nikiwa kwenye benchi la kungojea, nikaanza kuwauliza wenzangu swali lile lile la muuguzi. Waliokubali kusema walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Mama mmoja kutoka Veyula alimeza dawa yake chooni ili mumewe asione. Kijana wa bodaboda wa Makutupora alikuwa akisinzia barabarani asubuhi, mpaka akashauriwa kuimeza mapema zaidi jioni, na asiendeshe akiwa na usingizi. Fundi cherehani anayetumia fluoksetini aliniambia wiki ya kwanza tumbo lilimchafuka, kisha likatulia. Yeye humeza asubuhi kwa sababu usiku humnyima usingizi. Mzee mmoja, Ramadhani ilipokaribia, alimuuliza daktari, wakakubaliana kidonge chake cha asubuhi kihamie daku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa "nzuri". Kila mmoja alikuwa na hesabu zake ndogo za nyumbani ambazo hakuwa amezisema popote.

Baadaye nilisoma jambo lililonifurahisha. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wakaona wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa wanachangamka, wanakula, wengine wanacheza dansi wodini. Dawa ile baadaye iliachwa kwa kuwa iliumiza ini, lakini ni miongoni mwa zilizofungua njia ya dawa za sonona. Safari ile ilianza kwa mtu kutazama jinsi wagonjwa wanavyokula na wanavyoishi siku hadi siku.

Siku ile ya kopo nilikaa kitandani karibu na binti yangu. Nikamwambia si ARV, na kwamba hata wanaotumia ARV wanaishi na kulea watoto wao. Nikamwambia nina ugonjwa wa huzuni usiotokana na kosa lake, unatibika, na kulea ni kazi yangu. Alilia, kisha akauliza kama anaweza kula wali.

Kopo sasa liko juu ya kabati lenye kufuli, maana dawa hizi zikizidi ni sumu na mdogo wake anapanda kila kitu. Mume wangu anajua. Mama mkwe pia anajua, ingawa bado ananung'unika.

Nawe unayesoma hili kwenye simu yako, kama kuna kidonge unakimeza gizani, usikiache kimya kimya. Mwambie anayekutibu jana yako ilivyokuwa. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, hasa wiki za mwanzo, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Jana jioni binti yangu aliniuliza, "Mama, unaendeleaje?"

"Nimelala vizuri," nikamjibu, "ila kinywa kimekauka."

Akaenda kunichotea maji mtungini.