Buteba: Mto Ndio Uchaguao Rili

Msafiri atokaye Tororo kwenda Busia huuacha nyuma yake Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kimefikia mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na huingia katika nchi ya mihogo, mtama na mahindi. Katika nchi hiyo ndimo ilimo Buteba, upande wa Uganda, jirani na mpaka wa Kenya. Hadi mwaka 1997 sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Tororo; mwaka huo Busia ikafanywa wilaya yenyewe. Wateso hukaa pande zote mbili za mpaka, Wasamia vivyo hivyo, na mgeni akitaka kununua chumvi au kuuliza njia, Kiswahili humtosha.

Nchi hii ni ya mito miwili. Upande wa kaskazini uko Mto Malaba, uletao maji ya Mlima Elgon na kuyapeleka Mto Mpologoma, hata Ziwa Kyoga. Upande wa kusini, karibu na mji wa Busia, uko Mto Sio, utokao Kenya na kumwagika Ziwa Victoria. Maji ya mito hiyo huachana hapa kama ndugu wawili waliogawana urithi. Lakini Mto Nile hutoka Victoria na kuingia Kyoga, na huko ndugu hao hukutana tena.

Mtumishi aliyehamishiwa mpakani, awe askari, polisi au karani, mara nyingi hutazama maji hayo siku ya mapumziko akatamani kuvua. Wenyeji huvua kwa mitego, kwa ndoana na kwa ufito wa mwanzi, na hupata kitoweo. Mgeni aghalabu hutaka rili, yaani kile chombo cha kukunjia mshipi kifungwacho kwenye fimbo ya kuvulia. Hapo ndipo mashaka huanza, maana fedha ya rili hutoka katika mfuko uleule utoao ada ya shule, unga na sabuni. Rili ikivunjika mwezi wa kwanza, hasara si ya mvuvi peke yake. Ni ya nyumba nzima.

Kwa hiyo yafaa kuuanza uchaguzi mtoni kabla ya kwenda dukani. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na tena za mwisho wa mwaka, mito hii hubeba udongo mwingi na maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa. Kando yake na katika vinamasi vya mafunjo hukaa kambare na kamongo. Samaki hao wawili huweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji, na kwa sababu hiyo huishi mahali ambapo wengine wangekufa. Kambare hutafuta chakula kwa harufu na kwa sharubu zake, hasa usiku, na mkubwa wake huweza kupita kilo 10. Chambo cha mnyoo au kipande cha nyama chini ya maji humfaa kuliko kibati kinachometameta juu. Basi mvuvi wa hapa hahitaji rili ya mbio. Ahitaji rili yenye nguvu ya kuvuta, yenye breki laini, na isiyoogopa mchanga.

Rili izungumzwayo hapa ni ile ambayo bobini yake hukaa tuli wakati wa kurusha, na mshipi hujifungua wenyewe kutoka ukingoni. Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu, alipewa hati ya uvumbuzi wa rili ya namna hiyo mwaka 1905, baada ya kuangalia jinsi nyuzi zinavyochomoka katika vipindo vya kiwandani. Mama ajuaye cherehani ataielewa rili upesi kuliko baba asiyeijua: kuna bobini, kuna uzi, na kuna kikaza uzi.

Watu wa Busia nao wana elimu yao ya kuielewa. Mji huo ndio utajwao kuwa chimbuko la bodaboda, wakati vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Rili na baiskeli ni jamaa. Zote zina meno yanayoshikana, gololi, mkono au pedali ya kuzungusha, na zote hutaka grisi. Kampuni ya Shimano ya Sakai, Japani, ilianza mwaka 1921 kwa kutengeneza vifaa vya baiskeli, na baadaye ikatengeneza rili pia. Fundi mzuri wa baiskeli akishika rili atatambua kwa vidole kama meno yake yanashikana sawasawa au yanasagana.

Sasa, bei ya kati ni ipi? Chini kabisa kuna rili ziuzwazo katika kifurushi kimoja pamoja na fimbo, mshipi na ndoana. Juu kabisa kuna zile ambazo bei yake hushindana na mshahara. Za kati ni zile ziuzwazo peke yake, zenye jina la mtengenezaji ajulikanaye, na ambazo muuzaji aweza kuzipatia bobini au mkono wa akiba. Tofauti kati ya ya chini na ya kati iko ndani: chuma cha meno, mhimili, na visahani vya breki. Tofauti kati ya ya kati na ya juu mara nyingi ni wepesi wa mkononi na kinga ya maji ya chumvi, mambo ambayo mvuvi wa Malaba aweza kuishi bila hayo.

Katika wilaya hii wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu, na wao wajua kuliko wengine kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Ndivyo ilivyo kwa rili. Boksi hujivunia gololi 10 au 12. Lakini gololi 4 au 5 zilizo njema hushinda 12 zilizo duni. Mnunuzi na aache kusoma boksi, aishike rili yenyewe na kuijaribu hivi:

Kwanza, azungushe mkono polepole. Asisikie mkwaruzo, wala mahali pagumu na mahali pepesi katika mzunguko mmoja. Rili ambayo mzunguko mmoja wa mkono huuzungusha upinde wa waya mara 5 hivi yatosha kwa kazi ya hapa.

Pili, autikise mkono huo juu na chini, kisha aushike mguu wa rili, yaani ile sehemu inayofungwa kwenye fimbo. Kulegea kidogo ni desturi. Kuyumba ni ugonjwa.

Tatu, afungue na kufunga ule upinde wa waya mara 20. Ufungike kwa sauti kavu kila mara. Kigurudumu kidogo kipitishacho mshipi kizunguke, maana kikikwama kitaukata mshipi.

Nne, akaze breki kiasi, avute mshipi kwa mkono. Utoke kwa ulaini bila kushtuka-shtuka. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, kwa kuwa samaki mkubwa hukata mshipi pale breki inaposita.

Tano, atazame ukubwa. Rili yenye namba 4000, kwa hesabu itumiwayo na watengenezaji wengi, huchukua mita 100 au zaidi za mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, nayo humfaa kambare. Namba 2500 ni ya perege na samaki wadogo. Anayeweza kununua moja tu na achukue 4000.

Kuhusu mahali pa kununulia, maduka ya mpakani aghalabu huuza nyavu, ndoana na nyuzi. Rili hupatikana zaidi Kampala, Kisumu na Nairobi. Anunuaye upande wa Kenya na avuke kwa njia iliyo wazi. Busia ina kituo kimoja cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Nafuu za ushuru ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki huwapa wafanyabiashara wadogo ni za bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, na rili nyingi hutoka Asia. Kwa hiyo mnunuzi atunze risiti, aulize ushuru, na aongeze gharama hiyo katika hesabu tangu mwanzo. Kadhalika abadili shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kichwani kabla ya kuanza kuomba apunguziwe, si baada yake. Mlinzi wa mpaka akipitisha rili kwa magendo, amejivua heshima kabla hajamvua samaki.

Rili ikifika nyumbani, ijazwe mshipi hadi milimita 2 hivi chini ya ukingo wa bobini. Ukijaa mno hujimwaga; ukipungua mno haurushiki mbali. Breki ipimwe kwa dumu la lita 2 lililojaa maji, ambalo uzito wake ni kilo 2 hivi. Mshipi wa milimita 0.35 huhimili yapata kilo 8. Dumu likifungwa na kuinuliwa, breki ianze kuachia kwa shida kidogo. Hiyo ndiyo robo ya nguvu ya mshipi, na ni kiasi cha salama. Samaki anapovuta na mshipi unatoka, mvuvi asizungushe mkono. Akizungusha, mshipi hujisokota na siku ya pili utakuwa fundo tupu.

Baada ya kuvua, rili isilazwe mchangani. Ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, breki ilegezwe ili visahani visigandamane, na tone moja la mafuta ya cherehani litiwe kwenye kile kigurudumu kidogo. Grisi ya meno aachiwe fundi, mara moja kwa mwaka. Rili ya kati ikitunzwa hivyo huweza kumfuata mtumishi katika uhamisho mwingi.

Yabaki mambo ya adabu. Mvuvi na amwone kwanza afisa wa uvuvi wa wilaya na wenyeji wa ukingo huo, ajue palipokatazwa. Akitaka kuvua kambare usiku, awaarifu wahusika, kwa kuwa mtu aliyejikunyata gizani kando ya mto wa mpakani hudhaniwa kuwa mwana magendo. Kamongo ana meno makali. Ndoana itolewe kwa koleo, vidole vikae mbali. Wala asimpeleke nyumbani kabla ya kuuliza, maana katika baadhi ya jamii za Uganda wanawake kwa mila hawamli samaki huyo. Kambare hana ubishi: akikatwa vipande, akakaushwa kidogo kwa moshi na kupikwa kwa karanga, sufuria moja hutosha watoto na mgeni wao.

Basi anayekwenda Buteba na aende kwanza na ndoana, mshipi wa mkono na masikio ya kusikiliza. Akae na wenyeji Jumamosi mbili tatu, ajue kina cha maji, matope yake na uzito wa samaki wake. Kisha akaitafute rili, akijua anachotaka. Muuzaji humpangia bei mtu anayetangatanga. Mtu ajuaye mto wake hupanga bei pamoja na muuzaji.