Novemba kwenye Njia ya Marangu

Kamusi zetu zikitafuta neno la majira ya Wazungu ya majani kupukutika, huandika "vuli". Kwa mtu wa Kilimanjaro neno hilo halina jani linalopukutika. Lina mvua za Novemba na utelezi. Wageni wengi huukwepa mwezi huo, nami naona ndio unaoonyesha vizuri jinsi njia ya mlimani ilivyobadilika. Kumbukumbu zetu za mlima huu zimezoea kutazama juu: theluji ilikuwa wapi, sasa imebaki wapi. Takwimu tunazijua. Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Ni hasara kubwa, sibishi. Lakini kwa anayepanda kwa miguu, badiliko kubwa zaidi liko chini ya soli ya kiatu, na limeletwa zaidi na nyayo zikisaidiana na maji ya mvua kuliko na kuyeyuka kwa barafu.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipopitia Marangu kuelekea kilele, Oktoba 1889, hakukuwa na njia ya wapanda mlima ya kuzungumzia. Baadaye Wajerumani walijenga vibanda viwili wakaviita Bismarck na Peters; leo ni Mandara na Horombo, majina ya mamangi (machifu) wa Kichaga. Kubadili majina kulikuwa rahisi. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1973, na sasa wapandaji ni makumi ya maelfu kila mwaka. Tena mpandaji mmoja si jozi moja ya miguu: yuko kiongozi wake, mpishi, na wagumu, yaani wapagazi, wenye mizigo inayoruhusiwa kufika kilo 20, kichwani au begani. Udongo wa volkano msituni ni mwepesi, umejaa mboji, unakunywa maji kama sifongo. Ukikanyagwa hivyo hushindiliwa, ukaacha kunywa. Mvua ikinyesha, maji hayazami bali hufuata njia yenyewe, huichimba katikati na kuacha mizizi ikining'inia pembeni. Anayekuja nyuma, akiona tope la kufika kwenye vifundo, husogea ukingoni penye kuvumwani. Wa tatu humfuata. Baada ya misimu kadhaa, palipokuwa na kijia cha mtu mmoja pana mtaro, na pembeni yake kijia cha pili.

Mtu atasema mvua haikuanza jana. Kweli, msitu wa kusini mwa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika ukanda wake wenye unyevu zaidi. Basi atoke njiani hatua kumi tu, aangalie mteremko uleule uliopigwa na mvua ileile: kuvumwani nzima, ardhi laini, hakuna mfereji. Mvua ni moja, kilichotofautiana ni miguu. Hoja ya barafu ina uzito zaidi. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, mawe yaliporomoka na kuua Wamarekani watatu, na barafu iliyokuwa ikiyashikilia ikahusishwa na ajali hiyo. Njia ile ilifungwa karibu miaka miwili. Lakini huo ni mteremko mmoja unaopitwa na wachache. Mvua ya vuli ina mshirika aliye karibu zaidi, nao ni moto. Ule wa Oktoba 2020 uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90, hasa vichaka vya juu ya msitu, na udongo uliobaki uchi ukaingia msimu wa mvua bila kifuniko.

Kufunga mlima wakati wa mvua kungepumzisha udongo, ila mgumu hulipwa kwa safari, na safari za vuli tayari ni chache. Anayetoa ushauri huo aseme pia nani atamlipa. Huko juu ya Kibo, kwa kweli, hakuna haja ya kupumzisha udongo. Watu huondoka kambini saa sita usiku, maana baridi imegandisha kokoto zikashikana; jua likipanda zinalegea, zinateremka, na nyayo za usiku ule hazionekani tena. Msituni nyayo hubaki, kwa hiyo kazi iko huku chini: mifereji ya kukatisha maji na ngazi za magogo. Wapo wanaolalamika kwamba ngazi zinaharibu pori, kana kwamba mtaro wa tope ndio pori. Lalamiko langu ni jingine. Ngazi nyingi zina vimo virefu mno kwa goti lililobeba kilo 20, hasa wakati wa kushuka, gogo likiwa limelowa na kuteleza. Mgumu, ambaye hana muda wa kujadiliana na gogo, hupita pembeni. Na pembeni hapo, tangu mvua za kwanza, pameshachorwa kijia cha upana wa kiatu kimoja, chenye maji yanayotiririka.