Siku Mbili Zilizobaki

Jamaa zetu wa ughaibuni wanaporudi nyumbani kwa likizo, sisi wenyeji wao ndio huwa wa kwanza kuwapotezea siku. Jambo hili nililithibitisha mwaka jana, dada yangu alipokuja Morogoro kutoka Uingereza, ambako ni muuguzi, akiwa na binti yake mwenye umri wa miaka 12. Walikuwa na majuma matatu. Mwanzoni tuliziona siku hizo kuwa nyingi mno, tukazitumia ovyo. Walikwenda kuhani msiba uliopita miaka mitatu, wakaenda kuwajulia hali wagonjwa, wakaenda harusini Kilosa, wakarudi kufuatilia cheti katika ofisi ambayo mhusika wake kila asubuhi alikuwa "ametoka kidogo". Kila nyumba waliketishwa sebuleni, wakapewa soda, na mtoto akaulizwa kama anamkumbuka mtu ambaye hajapata kumwona maishani. Ilipofika siku ya 19, mpwa wangu aliijua Morogoro kwa rangi za makochi yake.

Usiku huo dada akatangaza kwamba siku mbili zilizobaki wangekwenda kuzimalizia Dar es Salaam. Alitaka kununua vitenge Kariakoo, na mtoto aione bahari. Hoja ya bahari ilikuwa nzito, maana sisi wenyewe huuita mji wetu "mji kasoro bahari". Mpwa wangu alipoelezwa maana ya jina hilo aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, kwa nini watu wausifu mji kwa kitu usichokuwa nacho. Hakuna aliyemjibu.

Mimi niliipinga safari hiyo, na sababu yangu haikuwa uchungu wa kuagana peke yake. Sisi ni Waluguru. Kwetu ukoo, yaani lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hushuka kwa njia hiyo hiyo. Watoto wangu, pamoja na mapenzi yangu yote kwao, kwa mila ni wa ukoo wa mama yao. Mama yetu alijaliwa watoto wawili tu, dada na mimi. Dada naye amejaliwa mmoja. Kwa hiyo mwenye kipande chetu cha shamba kilichoko mlimani, nyuma ya Bigwa, ni yule msichana aliyekuwa amelala usingizi na simu mkononi, naye hakuwa amepata kukanyaga pale hata mara moja. Mama alikuwa akilingojea jambo hilo tangu siku ya kwanza bila kulitamka. Alichosema ni kwamba migomba yake imeangushwa na upepo. Kisha hunyamaza, akautazama mlima.

"Usimtwishe mtoto mizigo," dada aliniambia. "Yeye yuko likizo."

Tulizozana nje, chini ya mwembe, ili mama asisikie. Nadhani alisikia. Kulipopambazuka tulimkuta ameketi kibarazani, amekwisha vaa raba zake za kwendea shamba. Dada alimtazama, akarudi ndani, na habari za Kariakoo zikaishia hapo.

Hata hivyo siku ile hatukupanda, kwa kuwa usiku mvua ilinyesha na njia ilikuwa utelezi. Tulikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako mpwa wangu alisimama muda mrefu akiwatazama akina mama walioteremka milimani na mikungu ya ndizi vichwani. Alitaka kujua walitoka nyumbani saa ngapi. Mmoja alimwambia alitoka jogoo wa kwanza. Mchana tuliufuata Mto Morogoro hadi penye mawe makubwa, mtoto akavua viatu na kutumbukiza miguu, akapiga ukelele kwa baridi ya maji. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lake. Nilimweleza kuwa maji yale huingia katika Mto Ngerengere, nao Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima hii hii, huwanywesha watu wa Dar es Salaam kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Alifikiri kidogo.

"Basi bahari ipo, Mjomba," akasema. "Ila iko mbali."

Jioni tulikula chipsi na mishikaki mahali ambapo redio ilikuwa ikipiga muziki wa Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, kabla dada hajazaliwa, lakini marehemu baba alikuwa na santuri zake na alikuwa haturuhusu kuzigusa. Dada aliacha kula. Kwa majuma yale matatu sikuwa nimemwona ametulia mahali pamoja muda mrefu namna ile.

Siku ya mwisho tulipanda. Mama, mwenye umri wa miaka 72, alitangulia na hakupumzika mahali. Mimi, ambaye kazi yangu ni ya kuketi mezani, nilipumzika mara nne na kusingizia kwamba naitazama mandhari. Mandhari yenyewe, kwa kweli, ilistahili. Ukungu ulipofunguka tuliuona mji wote na njia ya reli ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1907, na mbali kidogo reli mpya ya treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni 2024.

Shambani mama alimpa mjukuu wake panga. "Haya, mke mwenzangu," alimtania, "hapa ndipo marehemu mume wetu alipokuwa akinisaidia kulima." Alimsimulia kwamba mama yake mzazi aliyakuta matuta ya ngazi, ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, mpaka mwaka 1955 watu walipokataa, zikazuka ghasia, na mpango ule ukaachwa. Kisha akamzungusha kwenye mipaka: juu korongo, kushoto mstari wa minanasi, kulia njia ya kwenda mtoni, na chini jiwe kubwa jeupe, karibu na mfenesi. Alikuwa akisema kwa Kiswahili cha polepole, na kila alipofika kwenye mpaka aliugonga kwa fimbo. Dada alikuwa nyuma yao. Sijui alikuwa akiwaza nini, lakini hakumkatiza.

Chini ya ule mfenesi mama alipaza sauti kuelekea vichakani, sauti ikamjibu, ndipo akaangua fenesi moja. Tulijipaka mafuta ya kupikia mikononi kwa ajili ya ulimbo, tukala hadi tukashindwa. Mpwa wangu, ambaye kwa majuma matatu alikuwa akidonoa chakula chetu kama kuku mgonjwa, alitaka na kokwa zichemshwe. Zilichemshwa usiku, akazila zote.

Asubuhi niliwasindikiza stesheni. Mama hakuja; alisema ana migomba ya kuinua. Dada alikuwa akihesabu mabegi na kutafuta tiketi katika simu yake, na abiria walikwisha anza kuitwa, wakati mtoto aliponivuta mkono.

"Mjomba, ule mpaka wa chini, ni kwenye jiwe au kwenye mfenesi?"

"Kwenye jiwe," nilimjibu. "Mfenesi ni wa jirani."

Alilirudia neno hilo mara mbili, jiwe, jiwe, akamfuata mama yake.